Kompyuta Iliyojihesabu Tukiwa Tumefumba Macho

Mimi ni mstaafu. Nina miaka ishirini na saba, meno yangu yote yapo, mtoto yuko mgongoni, na nimestaafu kazi ya picha hapa Nyeri mjini. Anayetaka kucheka acheke sasa tuendelee. Nawaandikia nyinyi wasichana mnaoshuka ngazi za vyuo vya kompyuta mkiwa na cheti kwenye bahasha ya kaki. Mmefundishwa kuandika barua na kupanga safu za hesabu, lakini hakuna aliyewaambia mtafanya nini siku picha ya marehemu wa watu itakapoganda katikati ya skrini na mazishi ni kesho kutwa.

Naandika nikiwa na hasira, na sitaki ipoe kwanza. Ikipoa nitaanza kuwahubiria uvumilivu, na uvumilivu mmeshahubiriwa vya kutosha.

Kazi nilifunzwa na Mzee Theuri, fundi wa kurekebisha picha kwa mkono. Alikaa karibu na dirisha la nyuma ya studio, na penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano na brashi ya nywele chache ambayo aliilowesha kwa ulimi. Chunusi, mkunjo, ufa wa picha iliyokunjwa mfukoni miaka kumi, vyote viliishia pale dirishani. Siku yangu ya kwanza alinipa picha ya harusi ya zamani na nikaanza kusafisha kona ya chini. Akaninyang'anya brashi. "Hapo unasafisha nini?" Nikamwambia kuna doa. Akasema hilo doa liko juu ya mbuzi, na mwenye picha amekuja kutafuta uso wa mama yake, hakuja kutafuta mbuzi. Akachukua vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa kwa umbo la herufi L, akaviweka juu ya picha mpaka ukabaki uso peke yake. "Kata kile hutaki. Ndiyo uanze."

Kompyuta ilipoletwa alikataa kuikaribia. Alisema haina harufu, na kazi isiyo na harufu hajui itamwambia vipi kwamba inaungua. Lakini zile kadibodi zake mbili ndizo somo la kwanza la kompyuta, na mpaka leo sijaona cheti kinacholifundisha.

Somo la pili nilipewa na Bhavna, binti wa duka la umeme lililotuuzia mashine. Aliifungua mbele yangu akanionyesha vile vijiti vinne vya memori vilivyosimama kwa mstari. Akaniambia, dada, memori ni meza yako ya kazi na diski ni stoo. Nikamwelewa papo hapo, kwa sababu nimewahi kuponda mukimo wa wageni wa ruracio, waliokuja kwa mahari, nikiwa na kimeza kidogo cha kukunja. Viazi viko stoo nje, mahindi stoo, majani stoo. Unachukua viazi vitatu, unamenya, unarudisha, unatoka tena kwenye matope. Wageni wanasikia mlango tu ukigonga. Picha ikiwa kubwa kuliko memori, kompyuta inafanya vivyo hivyo: inachukua kipande, inakirudisha kwenye diski, inaenda kuchukua kingine. Ndiyo maana unasikia diski ikikoroma na taa nyekundu haizimi. Haijaharibika. Inakimbia stoo.

Na msidhani picha inahitaji nafasi ya ukubwa wake tu. Programu inashika picha yenyewe, inashika ilivyokuwa kabla hujaigusa ili uweze kurudi nyuma, na inashika kila tabaka uliloongeza juu. Picha moja inakula meza mara tatu, mara nne. Mkumbuke hilo mteja akiwaambia mskani kwa nukta nyingi kabisa, zile chembe zinazounda picha, ati ndiyo itoke safi.

Bosi wetu alikuwa bingwa wa nukta nyingi kabisa. Nitamwita Bosi, jina lake halitawasaidia. Alikuwa mtu wa kanisa, sauti nzito, mikono misafi, na alikuwa na suti moja ya kijivu ambayo aliivaa siku moja, akapigwa picha, na ile picha ikaingizwa kwenye kompyuta. Kuanzia hapo, kila mwanaume aliyekufa Nyeri bila picha nzuri alizikwa akiwa ndani ya suti ya Bosi. Unaletewa kitambulisho, unakata kichwa, unakipandisha juu ya suti, unaweka anga ya buluu nyuma. Nilipandisha vichwa vya wakulima, makondakta, na mzee mmoja wa Othaya ambaye shingo yake ilikuwa nusu ya kola. Familia zilifurahi. Kwetu ile picha hubebwa mbele ya jeneza, kila mtu anaiona, na wanataka mtu wao aende akiwa nadhifu.

Nilikuwa mwepesi. Sijisifu, waliokuwepo wanajua. Picha ya suti niliimaliza kabla mteja hajamaliza chai hotelini ng'ambo ya barabara. Halafu nikaenda kujifungua.

Niliporudi nikiwa na Shiru mdogo, kompyuta ilikuwa imegeuka gogo. Unabonyeza, unangoja. Unasogeza kichwa juu ya suti, diski inakoroma, kichwa kinafuata baadaye kama mtu aliyelazimishwa kwenda shambani. Bosi akasimama nyuma ya kiti changu na kusema mbele ya wateja kwamba mashine ilikuwa sawa siku zote nilipokuwa nyumbani. Nikauliza nani alikuwa akiitumia. Akasema hilo si jambo. "Mama Shiru, umerudi mkono peke yake. Kichwa umekiacha wodini."

Wateja wakacheka. Nilikuwa na maziwa yamelowesha blauzi, na wakacheka.

Basi nikafanya yote ninayojua, nanyi myafanye. Nilifuta ile picha ya ukuta ya familia ya Bosi iliyojaza skrini nzima, maana nayo inakalia meza. Nilitoa fonti mamia ambazo mtu alizipakia ati ni za kadi za harusi, zile za maua maua zisizosomeka. Nilizima programu ya faksi iliyokuwa imekaa pembeni ikingoja faksi ambayo haijawahi kuja. Nilihamisha picha za mwaka jana kwenye diski ndogo ili stoo ipate hewa, kwa sababu stoo ikijaa hata pa kukimbilia hakuna. Saa ya chakula niliiacha ikipanga diski upya, vipande vya faili moja vikae pamoja.

Ikapata nafuu kidogo, halafu ikaanza kuzimika yenyewe. Hiyo haikuwa memori, hiyo ilikuwa upendo. Mke wa Bosi, Mama Muthoni, alikuwa mfumaji wa vitambaa, na mnajua nyumba zetu: kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, thamosi ina kitambaa. Kompyuta nayo akaifumia, kitambaa cha waridi na cheupe, na chini yake akaweka karatasi ya nailoni ya kuzuia vumbi. Ilifunikwa hata ikiwa inafanya kazi. Nje baridi ya mwezi wa saba, sisi wote tuna sweta mbili, na ndani ya hicho kitambaa mashine inatoka jasho. Nikakitoa. Akakirudisha. Nikakitoa tena, akaniuliza kama nimekosana na yeye. Alikuwa mama mzuri, aliniletea uji wa njahi, yale maharagwe meusi ya kuongeza maziwa, kila wiki. Siku hiyo alipokuwa akifunga kamba za kitambaa alinipigia hadithi za nyumbani kwake, kwamba siku hizi kompyuta ya watoto imepona, ule mchezo wa magari uliokuwa ukikwama sasa magari yanakimbia mpaka unaona moshi.

Nilimwambia hiyo ni vizuri. Naam. Nilimwambia hivyo.

Sasa sikilizeni kuhusu maombi. Studio yetu ilifunguliwa kwa maombi kila asubuhi, na sina neno juu ya hilo. Zamani tuliomba kwanza, halafu mimi ndiye nilikuwa nawasha mashine. Nilipotoka likizo nikakuta utaratibu umebadilika. Bosi mwenyewe ndiye aliyewasha, kwa sababu, alisema, ile mashine ina roho ya usumbufu. Alibonyeza, akaweka mkono juu ya kitambaa cha waridi, akasema "Tuombe," na sisi watatu, mimi na Mzee Theuri na Mama Muthoni, tukafumba macho. Aliomba kwa kirefu, kutoka serikali mpaka mvua. Alipofika amina, skrini ilikuwa tayari imejaa rangi.

Mnaojua kompyuta mmeshashtuka. Inapowashwa, kabla ya rangi yoyote, skrini huwa nyeusi na namba nyeupe hupanda pale juu. Inahesabu memori yake. Kila asubuhi inakuambia yenyewe ina meza ya ukubwa gani. Zamani nilikuwa nikiitazama ikipanda mpaka thelathini na mbili elfu na ushee, kama vile mtu anavyotazama maziwa yakichemka. Tangu nirudi sikuwahi kuiona. Nilikuwa naombewa.

Jumatano aliingia Nyawira kutoka Naro Moru. Msichana wa rika langu, mtoto wa kiume mgongoni, mdogo kuliko Shiru. Mume wake alikuwa mpagazi wa mlimani, aliteleza na mzigo wa wageni kule juu na hakurudi akiwa hai. Mazishi Jumamosi. Hakuwa na picha yake hata moja isipokuwa hiyo aliyoshika, ambayo wageni fulani waliituma kwa posta: watu wengi langoni mwa mlima, mizigo, kofia, na mume wake wa tatu kutoka kushoto, kichwa kikubwa kama punje ya harage. Kitambulisho kilipotea huko huko mlimani.

Alisema, akiangalia meza, "Studio ya Nanyuki wamesema haitoki. Nyinyi mkisema haitoki, huyu atakuwa mkubwa bila kujua baba yake alikaa aje."

Bosi akamwambia asiwe na wasiwasi, mumewe atatoka kwenye suti na tai kama waziri. Kisha akanigeukia na kusema kazi ikichelewa, kuna msichana wa chuo amekuja kuuliza nafasi.

Nilijaribu mchana wote. Kichwa, suti, anga ya buluu. Mashine iliganda, nikaiwasha upya, ikaganda. Nyawira alikaa kwenye benchi akinyonyesha na kuniangalia, na kila mara diski ilipokoroma aliinua macho kama ndiyo inakuja.

Alhamisi msichana anayenishikia mtoto hakuja. Nikaenda kazini na Shiru mgongoni. Bosi akakunja uso, akabonyeza, akaweka mkono, tuombe. Alipokuwa bado kwenye serikali, Shiru akanyoosha mkono akakamata kitambaa cha waridi na kukivuta. Nikafumbua macho nimzuie.

Namba zilikuwa zinapanda. Zikafika kumi na sita elfu na ushee. Zikasimama.

Nilidhani zinapumzika. Hazikuendelea. Nusu. Mtu alikuwa ametoa vijiti viwili kati ya vinne, na mimi nimeitwa mjinga wa wodini miezi miwili mizima nikikimbia stoo na viazi vya watu. Na hapo hapo, Bosi akiwa amefika kwenye mvua, nikasikia sauti ya Mama Muthoni ikiniambia magari yanakimbia mpaka unaona moshi.

Nilingoja amina. Nilifunzwa adabu. Nikamuuliza ile memori nyingine iko wapi.

"Memori gani?"

"Vijiti viwili. Imehesabu ikakwama nusu. Nimeona sasa hivi."

"Umeona wakati gani?"

"Wakati wa maombi."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mchungaji. "Kwa hivyo hukuwa unaomba."

Wasichana, mliona hiyo? Mkono wa mtu umekamatwa kwenye gunia, naye anakuuliza kwa nini ulikuwa macho. Nikamwambia sikuuliza habari za roho yangu, nimeuliza habari za vijiti. Ndipo akasema havikupotea, viko nyumbani, kompyuta ya watoto ilikuwa inakataa masomo. Masomo. Mama Muthoni akainamia uzi wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anafuma, alikuwa ameshika tu. Nikamwambia Bosi avilete mchana, kuna mtu anazikwa Jumamosi. Akasema watoto wana mtihani, ataleta Jumatatu, na mimi nijaribu kutumia akili.

Sisemi alianza kuwasha wakati wa maombi ili tusione. Mungu ndiye anajua. Ninachosema ni kwamba alisikia nikichekwa, mara nyingi, na alijua vijiti viko wapi.

Nilikuwa na haki ya kuchukua kikapu changu na kuondoka. Lakini Nyawira alikuwa tayari benchini. Nikaenda kwa Mzee Theuri nikamwambia naomba zile kadibodi. Hakuuliza za nini. Akaziweka juu ya picha ya langoni, akazisogeza polepole, watu wote wakapotea, mizigo, kofia, akabaki yule mmoja, kichwa na mabega.

Yaandikeni haya. Niliiwasha mashine upya, nikafungua programu moja tu, maana programu iliyofunguliwa na kufungwa huacha makombo mezani. Kitambaa nikakipa Mama Muthoni mkononi, safari hii hakukirudisha. Nikaskani kile kipande kidogo kilichobaki kati ya kadibodi peke yake, hapo ndipo nukta nyingi zina maana, siyo karatasi nzima na mawe ya mlima. Nikaitoa rangi, ikawa nyeusi na nyeupe, theluthi moja ya uzito. Kila tabaka nililoongeza nikaliunganisha na picha mara nilipohakikisha, nisilimbikize. Nilipokopi kipande kikubwa, baadaye nilikopi nukta moja tupu, kwa sababu kompyuta hushikilia kitu cha mwisho ulichokopi kama mtoto na biskuti, na ukimpa nukta anaachilia biskuti. Nilihifadhi kwa jina jipya kila hatua. Mzee Theuri alileta kiti chake, yeye aliyesema haina harufu, akakaa begani kwangu kuniambia kivuli cha pua kianguke wapi.

Suti haikuingia. Niliijaribu mara moja, diski ikaanza safari ya stoo, nikaiachia. Suti ya Bosi pamoja na anga yake ilihitaji meza nzima, na nusu ya meza ilikuwa nyumbani ikikimbiza magari. Nikamwacha marehemu na sweta aliyokuwa nayo langoni, shingo ya kukunja, mistari miwili kifuani. Nyuma nikaweka kijivu kitupu.

Ijumaa Nyawira akaja kuichukua. Aliishika kwa mikono miwili. Nilianza kumweleza kuhusu suti, kwamba haikuwezekana, na yeye alikuwa amegusa kifua cha ile picha.

"Hii sweta nilifuma mimi," akasema. "Nilikosea mstari wa pili. Ona, bado iko."

Akamshusha mtoto mgongoni, akamwonyesha, mtoto akataka kula fremu. Akacheka, akalia, akaondoka kuwahi gari.

Ningeishia hapo mngedhani ni hadithi ya furaha. Bosi alikuwa amesimama mlangoni akiangalia yote hayo. Akanijia akitabasamu, akanigonga bega kwa vile vidole vyake safi. "Si unaona? Ilikuwa inatosha. Ulikuwa unalalamika bure."

Hiyo ndiyo sababu nimechukua kalamu. Kuchekwa nilivumilia, wodi nilivumilia. Lakini mimi na Mzee Theuri tulifanya kazi ya meza nzima juu ya nusu, na ile kazi yenyewe ikageuzwa kuwa ushahidi kwamba nusu si wizi. Nilijua papo hapo kwamba Jumatatu vijiti havingerudi. Havingerudi kamwe. Kila ujanja wangu mpya ungempa sababu ya kutoa kijiti kingine. Kwa hivyo ujanja wote niliowaandikia, ujueni na muutumie, mteja hana kosa. Lakini kabla hujaanza, sema mbele ya watu ni kitu gani kimetolewa na nani amekitoa. Sema kwanza. Ukimaliza kazi vizuri bila kusema, hakuna atakayekusikiliza.

Jumamosi asubuhi, saa ambayo kule Naro Moru walikuwa wanapanga viti, sisi tulisimama kuzunguka mashine. Nilikuwa na Shiru mgongoni na kikapu changu mkononi, kikombe changu kikiwa ndani. Bosi alibonyeza, akaweka mkono mahali ambapo kitambaa kilikuwa. Tuombe. Akaanza kushukuru kwa mashine ambayo Bwana ameiponya.

Mimi nikaacha macho wazi, na namba zilipoanza kupanda nikazisoma kwa sauti. Elfu mbili. Elfu tano. Sikupiga kelele, nilisoma kama mtu anayesoma tangazo. Bosi akainua sauti ya maombi. Elfu tisa. Mama Muthoni akafumbua macho, akatazama skrini, kisha akamtazama mume wake. Elfu kumi na tatu. Bosi akanyamaza katikati ya neno.

"Kumi na sita," nikasema. "Imesimama."

Mzee Theuri, aliyekuwa bado amefumba macho kwa heshima, akavua kofia yake.

"Amina," akasema.

Nikatoka.